Jalada la Mzee Hamadi

Jalada jema lina shubiri. Nimewasikia, wajukuu zangu, mkiulizana neno hili limetoka wapi. Kaeni niwaambie.

Huko Siyu, enzi za vitabu kunakiliwa kwa mkono, Mzee Hamadi aliacha kitabu kimoja. Mwishoni mwake aliandika, mbele ya mashahidi wawili, kwamba nyumba yake ameiweka wakfu kwa binti yake Mwanaesha, mjane mwenye watoto watatu. Jalada lilikuwa la ngozi ya mbuzi, jeusi, lenye madoa.

Mzee alipofariki, kitabu kikakaa kwa mwanawe Famau. Huyu alipenda kutazamwa. Akaona haya wageni wa Idi waone jalada lile, akakipeleka kitabu kwa Fundi Shekuwe kikavishwe hariri nyeupe. Mwanaesha akamfuata huko huko.

Fundi alikuwa akikoroga gundi ya unga wa ngano, na kando yake pana kibakuli cha shubiri, ule utomvu mchungu.

"Hiyo usitie," Famau akasema. "Itatia madoa hariri yangu."

"Bwana, gundi bila shubiri ni uji. Wadudu watakuja kula."

"Kwangu hakuna wadudu."

"Wamekwambia wenyewe?"

Mwanaesha akasema, "Kaka, mwache atie. Baba mwenyewe alitia."

"Wewe kapike, dada. Mambo ya wageni niachie mimi."

Basi fundi akafanya alivyoambiwa. Kitabu kikawekwa sebuleni juu ya rafu, na hakuna aliyeruhusiwa kukifungua, kisije kikachafuka. Wageni wakakisifu miaka kumi na miwili. Mashahidi wakafa, kisha Famau naye. Mimi simlaani, amekwisha kutangulia, hukumu yake iko kwa Mola.

Wana wa Famau wakataka nyumba aliyokaa Mwanaesha iuzwe. Mbele ya kadhi, mkubwa wao akasema, "Shangazi, onyesha maandishi ya babu, nasi tutanyamaza."

Kadhi akakifungua mwenyewe. Hariri ilikuwa bado nyeupe. Ndani, wadudu walianza na gundi wakamalizia karatasi. Vumbi likammwagikia mapajani. Haukubaki mstari mmoja mzima.

"Mashahidi wako wapi?"

"Makaburini, Sheikh."

Kadhi akakifunga kitabu. "Nakuamini, mwanangu. Lakini siwezi kuhukumu kwa vumbi."

Mwanaesha alihama kabla ya Ijumaa. Fundi Shekuwe alikuja kumbebea vyombo, asiweze kumtazama usoni. Tangu siku hiyo, mtu akimwambia asitie shubiri, alimrudishia kitabu chake mkononi na kumwambia neno moja tu: jalada jema lina shubiri.