Aliyeuliza Kama Kuna Anayesoma

Jumapili iliyopita maneno ya wimbo yaligoma kutokea pale ukutani, na jinsi mlivyoguna, nikawasikia hadi huku mbele. Leo yametokea vizuri. Nani ameshukuru? Haya, tulieni niwape mfano.

Kulikuwa na bwana mmoja, fundi wa programu za kompyuta. Zile za bure: mtu anazitengeneza kwa kujitolea, anaziweka mtandaoni, anayetaka anachukua. Ya kwake ilizisaidia zahanati kuwakumbusha akina mama siku za chanjo. Kila mwisho wa mwezi alibandika taarifa fupi mtandaoni: nimerekebisha hiki, nimeongeza kile. Hakuna aliyejibu. Waliomwandikia ni waliokwama tu, nao hata salamu hawakutoa. "Mbona haifanyi kazi? Fanya haraka!" Aliishi peke yake, na simu yake ikilia, ni lawama. Upweke ulimtafuna, ndugu zangu.

Siku moja dada yake alikuja kumsalimia, akamkuta anaandika.

"Unamwandikia nani, mdogo wangu?"

"Wanaotumia kazi yangu."

"Wanasoma?"

Akaisukuma kompyuta kando. Kisha akasema, "Dada, nimechoka. Hii ndiyo ya mwisho. Naacha, watajiju."

"Kwani hiyo kazi yote umeifanya peke yako tangu mwanzo?"

"Hapana. Sehemu ya kuhesabu tarehe nilichukua kwa mzee mmoja wa nchi ya mbali. Naye anatoa bure, naye huandika taarifa zake kila mwezi."

"Wewe umewahi kumjibu?"

Mnaona swali hilo? Lilimchoma. Alikuwa hajawahi hata kuzisoma. Akaufungua ukurasa wa yule mzee. Taarifa ya mwisho ilikuwa ya miaka miwili nyuma: "Mwezi huu nimerekebisha kosa la kuhesabu siku za Februari. Macho yananisumbua. Kama yupo anayesoma, aniambie tu kwamba yupo."

Akaandika mbiombio: "Nipo, mzee wangu. Nipo."

Aliyejibu ni mjane. "Mume wangu tulimzika mwaka jana. Kila asubuhi alikuwa anaufungua ukurasa ule kutazama kama kuna mtu."

Mnataka kujua kama yule bwana aliacha kazi? Hilo si lenu. Lenu ni hili. Nilipokuwa nasimulia upweke wake, mlitikisa vichwa, kila mtu akajiona yeye: mimi najitolea, mimi sishukuriwi. Nani kati yetu alijiona kwa wale wanaochukua na kunyamaza? Hata mmoja! Sisi tunajua sana kuhesabu shukrani tulizonyimwa.

Hivyo viti mlivyokalia, kuna mtu amevifuta alfajiri hii, kama kila Jumapili. Yupo humu ndani, hai, anasikia. Mnamjua jina? Basi nikimaliza kuomba, msije mlangoni kunipa mkono mimi. Mtafuteni yeye.