Kona ya Ezra

Mvua za masika zilikuwa zimeanza kupungua, na vihamba vya Wachaga, mashamba yao ya ukoo juu ya Kiboriloni, vilikuwa vimenawiri kwa migomba na mibuni inayonyweshwa na mifongo, mifereji ya asili ya mlimani. Katikati ya kijani hicho ilipita njia mpya, nyembamba, nyekundu kama kidonda. Haikuwa njia ya kwenda sokoni wala kanisani. Ilikuwa njia ya baiskeli, iliyochimbwa ili mtu ateremke mlima bila kukanyaga pedali: tuta limrushe kidogo, bonde limpokee, kona yenye ukingo ulioinuliwa imzungushe, mpaka afike chini meno yote yakiwa nje. Wazee walioipita walitikisa vichwa na kuuliza kama kweli mtu mzima na akili zake angetoka ng'ambo kuja kuteremka tu. Baadaye wageni hao walikuja, tena kwa mafungu.

Vijana wa kijiji ndio walioichimba, na kiongozi wao alikuwa Ezra, kijana mpole asiye na maneno mengi. Ezra aliacha shule akiwa kidato cha pili, mwaka aliofariki baba yao, akashika jembe ili mdogo wake Eunike aendelee na masomo. Hakuna aliyemshurutisha, na hakuwahi kulitaja jambo hilo hata kwa utani. Eunike alisoma akamaliza, akajifunza baiskeli za milimani, akawa msichana wa kwanza pale kijijini kuongoza wageni. Kila Ezra alipomaliza tuta moja alimwita mdogo wake aje kulijaribu, naye akasimama pembeni kumtazama usoni, kama mama anayemwonjesha mgeni mtori wake. Walikuwa wameshakubaliana: njia ikifunguliwa wataanzisha shughuli yao wenyewe, Ezra akiitunza njia na Eunike akiongoza wageni. Hawakuwa na ndoto nyingine kubwa kuliko hiyo.

Siku ya ufunguzi watu walifurika. Kwaya ya usharika iliimba, wageni waalikwa wakaketi kwenye viti vya plastiki, na simu zikawa tayari mikononi. Eunike ndiye aliyechaguliwa kuteremka wa kwanza. Alipokuwa akifunga helmeti, Ezra alimsogelea akamvuta kando.

"Eunike, mfongo ulifurika jana, maji yakapita juu ya kona ya mwisho. Udongo bado mbichi. Shika breki mapema, au tungoje kidogo jua lipande."

"Kaka, watu wote hawa wanione natambaa kama nimepanda punda?"

"Wakuone unatambaa, lakini ufike."

Praygod, mwendesha baiskeli mwenzake, aliyasikia hayo akacheka. "Muache bwana, Ezra! Huyu ni mwewe, mwewe haangalii tope!"

Sifa zikampanda Eunike kichwani. Akamwambia kaka yake, "Sawa, nimekusikia," na kweli alikuwa amesikia. Kusikia na kushika ni ndugu, lakini hawaishi nyumba moja.

Aliteremka kwa mbwembwe. Tuta la kwanza lilimrusha, watu wakashangilia. La pili likamrusha zaidi, vigelegele vikapaa. Alipoiona kona ya mwisho, alimwona na mtu anayempiga picha, basi akaachia breki badala ya kuzishika. Tairi la mbele likateleza kwenye tope, baiskeli ikaenda kwake na yeye akaenda kwake, akaangukia bega mbele ya viti vya wageni waalikwa. Mfupa wa mtulinga ukavunjika.

Ezra ndiye aliyefika wa kwanza. Alipiga magoti kwenye tope. "Pole, mdogo wangu. Tulia, usiinuke."

Maumivu yalikuwa makali, lakini aibu ilikuwa kali zaidi, na aibu hutafuta mtu wa kutupiwa. Eunike aliziona simu zimemwelekea. Akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa wanakwaya:

"Usiniguse! Hii nayo ni kona ya kujenga? Shule ilikushinda, na hata udongo umekushinda!"

Praygod aliinamisha kichwa. Ezra alivua shati lake, akamfunga mdogo wake mkono kwa upole uleule aliokuja nao, akamsindikiza hadi kwenye gari. Kisha akaosha jembe lake mfongoni, akaliweka kwenye banda la kikundi, akaondoka.

Mfupa ulitibiwa, ukaunga. Eunike alipokuwa nyumbani akiuguza bega, kila baiskeli iliyopita barabarani ilimfanya ainue shingo. Mwishowe alimwuliza mama yao, Aikaeli.

"Mama, kaka yuko wapi?"

"Yuko sokoni Kwa Sadala. Anapakia nyanya kwenye malori."

"Amesema nini juu yangu?"

"Hajasema neno lolote baya. Hilo ndilo linaloniogopesha."

Eunike alilia kama mtoto. Alijua fika kwamba kona haikuwa na kosa, na kwamba kama si jembe la Ezra, shule ingemshinda yeye. Mama alimwacha alie mpaka akachoka, halafu akatoka hadi mpakani mwa kihamba, akachuma jani la sale, akalifunga fundo.

"Usimpigie simu," alisema. "Nenda mwenyewe umpe hili mkononi."

Mchaga aliyeletewa jani la sale hakatai kusamehe, hata kama kosa ni kubwa namna gani. Eunike alilijua hilo, na njia nzima ya Kwa Sadala alilishika jani lile kwa matumaini. Alimkuta Ezra kati ya matenga ya nyanya, amekonda.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Eunike. Bega linaendeleaje?"

Alimpa jani kwa mikono miwili, machozi yakimtoka mbele ya wachuuzi. Ezra alilipokea. Akamshika mdogo wake kichwani.

"Nimekusamehe, Mungu ni shahidi. Sale haikataliwi."

"Basi twende nyumbani, kaka. Njia inakungoja."

"Hapana, sitarudi."

"Si umesema umenisamehe?"

"Nimekusamehe kweli, sina kinyongo na wewe." Ezra aliligeuza jani vidoleni. "Lakini neno lile nimekuwa nikijiambia mwenyewe miaka yote, kila nikiona wenzangu wa darasani wanapita na kazi zao. Nilikuwa najijibu: hata dunia nzima ikisema, Eunike hawezi kusema. Sasa sina tena la kujijibu."

Dereva wa lori akapiga honi. Ezra akaliweka jani mfukoni, akainua tenga, akarudi kazini.

Siku hizi Eunike anaongoza wageni wengi, na wote wanaisifu njia. Wakimwuliza ni fundi gani aliyeichimba, hujibu, "Ni kaka yangu," kisha hutangulia kuteremka ili wasimwone uso. Bega halimwumi tena hata wakati wa baridi. Angekubali livunjike mara kumi kama angeweza kulirudisha neno moja mdomoni. Hakika, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.