Mlinzi wa Mto wa Mbegu

Watu wakisikia methali isemayo kwamba mchovya asali hachovyi mara moja, huwafikiria walevi, wezi wa kuku na wanaume wasiotulia majumbani. Hutikisa vichwa wakasema, "Hao ndio hao." Lakini methali haina ubaguzi huo. Maana yake ni kuwa aliyeonja kitamu cha marufuku, hata kwa nia njema, amekwisha kuufundisha ulimi wake njia, na ulimi hausahau. Tena, wallahi, humnasa upesi zaidi yule ambaye kila mtu anamwamini, kwa sababu hana wa kumwangalia. Nimeishi Tochikubo miaka mingi, na mtu mwema kuliko wote niliowajua huko alikuwa Seikichi. Basi nisikilizeni habari zake.

Seikichi tulimwita Kibiriti. Ujanani aliazima kibiriti kwa jirani, akawasha njiti kadhaa, na kesho yake akanunua kingine ili ajazie zile alizotumia kabla ya kukirudisha. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata hivyo, wanakijiji walipotafuta mlinzi wa Mto wa Mbegu, hakuna aliyetaja jina lingine.

Tochikubo ni kijiji cha milimani, mahali ambapo theluji huondoka shingo upande. Shamba huko ni mawe matupu. Kinacholisha watu ni mto. Sehemu za chini kuna samaki waitwao trauti. Juu zaidi, ambako maji yana baridi ya kung'ata mifupa, kuna binamu zao wenye madoa meupe ubavuni, nao huitwa iwana. Kila mwanamume ana fimbo yake ya mwanzi, mshipi wake, na ndoana zilizofungwa manyoya ili samaki adhani ni mdudu. Samaki wengine huuzwa kwenye nyumba ya wageni penye chemchemi ya maji moto, na wengine hukaushwa juu ya meko wakangoja majira ya baridi.

Juu ya maporomoko makuu kuna kijito ambacho zamani hakikuwa na kitu, maana hakuna samaki awezaye kupanda ukuta wa maji. Mababu wa Tochikubo waliwabeba iwana hai migongoni, ndani ya ndoo za mbao, wakibadilisha maji kila walipofika penye chemchemi, wakawamimina huko juu. Kisha wakaapa kwamba pale havui mtu. Iwana wangezaliana kwa amani, na mvua kubwa za mwisho wa kiangazi zingewasomba wachanga na kuwateremsha hadi mto wa wote. Ndiyo maana kijito kile kikaitwa Mto wa Mbegu. Ndoo moja kati ya zile ingali imetundikwa katika nyumba ya mkutano. Sheria yenyewe ni fupi: fimbo ya kuvulia haivuki maporomoko. Mlinzi huiegemeza fimbo kwenye mwamba, akapanda mikono mitupu kuondoa magogo yaliyoanguka na kuangalia hali.

Samaki wa huko hawakujua hofu. Mtu akisimama ukingoni, walikisogelea kivuli chake kama kuku waliomwona mama mwenye ungo.

Seikichi alikuwa mlinzi mzuri, lakini kwa uvuvi, jamani, alikuwa wa kuhurumiwa. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Jioni wanaume walipokutana darajani kufunguliana vikapu, Tokuji ndiye aliyeanza kila siku.

"Kibiriti! Leo umewasha wangapi?"

"Wawili."

"Wawili! Basi shemeji aalike ukoo mzima, watu washibe wafungue mikanda!"

Huyo Tokuji alikuwa na sauti ya kuamsha bonde, na pombe ya mchele haikukaa nyumbani kwake ikalala. Hata hivyo, kicheko kikiisha, alikuwa akinyoosha mkono. "Lete hiyo kofia. Wewe ukijifungia ndoana utafunga kidole chako, kisha ukitupe mtoni." Kofia aliitaka kwa sababu wavuvi wa kule huchomeka ndoana zao kwenye utepe wa kofia. Tokuji alimfungia rafiki yake ndoana nzuri zenye manyoya ya kwale na uzi mwekundu, mafundo ambayo kila mtu alijua ni ya mkono wake, na hakuna mwingine aliyepewa.

Mwaka mmoja theluji ilipoanza kuyeyuka, Yone, mkewe Seikichi, alishikwa na homa. Chakula kilimshinda. Siku ya tatu alisema kwa sauti ndogo, "Ningepata supu ya iwana tu, labda ingepita." Lakini mto ulikuwa umechafuka kwa maji ya theluji na hakuna aliyepata hata mmoja. Siku hiyo Seikichi alipaswa kwenda juu kwa kazi yake ya ulinzi. Aliiegemeza fimbo kwenye mwamba, akapanda. Aliposimama ukingoni, iwana mkubwa alikuja chini ya kivuli chake akatulia.

Seikichi alipiga magoti, akaingiza mikono polepole chini ya tumbo lake, akamwinua. "Fimbo haikuvuka," alijiambia.

Yone alikunywa supu mpaka akaona chini ya bakuli. "Umempata wapi huyu, na mto ulivyo?"

"Juu kidogo," alijibu mumewe.

Siku hiyo Yone alilala bila kulalamika, na kesho yake aliomba wali. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile, na wewe unayesoma usijifanye mtakatifu.

Lakini aliyetoka kitandani bado ni dhaifu, na dhaifu anahitaji nguvu, kwa hiyo Seikichi alimchukua wa pili. Siku hiyo alipokuwa akirudi alikutana na wenzake darajani. Tokuji alifunua kikapu huku mzaha uko mdomoni tayari, akaumeza.

"Ala! Huyu umemtoa wapi?"

"Juu kidogo," Seikichi akasema tena.

"Hebu mwoneni Kibiriti! Jamani, mzee amewaka!"

Kwa mara ya kwanza maishani hakuna aliyemcheka. Habari zilifika kwa Bi Hatsue, mwenye nyumba ya wageni, naye akamfuata mwenyewe mpaka mlangoni. "Mzee Seikichi, siku hizi una mkono gani? Niletee kama yule kwa ajili ya wageni wangu wa sikukuu. Nataka mvuvi fundi, si hawa wanaoniletea watoto."

Fundi! Mtu alikuwa anakaribia miaka sitini na neno hilo hajawahi kuitwa. Lilimwingia mwilini kama maji ya moto yanavyomwingia mtu aliyetoka kwenye theluji. Hapo ndipo ilipokuwa asali yenyewe. Samaki alikuwa kijiko tu.

Basi alipanda tena. Mwanzoni alitafuta sababu kabla hajatoka nyumbani. Baadaye alitoka kwanza, sababu akaitafuta njiani. Kisha akaacha kuitafuta. Iwana nao walijifunza. Kivuli chake kilipoanguka majini, waliingia chini ya mawe, na mikono haikutosha tena. Alikata tawi, akatoa mshipi mfukoni, akachomoa ndoana kwenye kofia yake. "Fimbo yangu iko chini," alisema kwa sauti, ingawa hakuwapo wa kumsikia. "Hili ni tawi tu." Siku moja ndoana ilinasa kwenye mti ulioinamia bwawa, mshipi ukakatika. Alitazama juu kwa macho yake ya ukungu, hakuona kitu, akaenda zake.

Mwaka uliofuata mto ulikuwa kimya. Mvua kubwa zilikuwa zimekuja kama kawaida, lakini hazikuwa na cha kuteremsha. Wanaume walirudi na vikapu vikavu, na hata mzaha wa darajani ulikufa. Mwishowe Mzee Kanbei, mkuu wa kijiji, aliwachukua watu wawili wakapanda juu ya maporomoko. Walisimama ukingoni, wakangoja. Hakuna aliyekuja kwenye vivuli vyao. Samaki mmoja mwembamba alichomoka akajificha kama mwizi aliyemulikwa. Na juu ya bwawa, kwenye tawi, uzi mwekundu ulikuwa unapepea.

Mkutano uliitishwa mchana uleule. Watu walitundika kofia zao kwenye misumari karibu na mlango, wakaketi kwenye mikeka, huku wanawake wakimimina chai. Mzee Kanbei aliiweka ndoana katikati.

"Tokuji. Hii ni yako?"

Tokuji aliichukua, akaigeuza. Kisha akatazama mlangoni, kwenye misumari ya kofia, akarudisha macho chini. "Mafundo ni yangu."

"Uliipeleka juu ya maporomoko?"

"Sijavuka maporomoko tangu nizaliwe. Zaidi ya hapo sisemi."

"Atasema nini!" mmoja alifoka. "Mtu akilewa anakumbuka alikopita?"

"Avunjwe fimbo!" wengine waliitikia. "Asiguse mto tena!"

Sasa fikiria. Tokuji hakuwa na shamba, hakuwa na ng'ombe. Kumnyang'anya mto ni kumfukuza kijijini. Alikaa pale, mikono juu ya magoti, yeye mwenye sauti ya kuamsha bonde, kimya kabisa. Na ile kofia ilikuwa palepale msumarini mbele ya watu wote, nyuzi zake nyekundu zimejipanga kwenye utepe, wala hakuna aliyeitazama, kwa kuwa ilikuwa kofia ya Seikichi.

"Seikichi," Mzee Kanbei alisema kwa upole, "wewe ndiye mlinzi. Neno lako linatutosha. Ulimwona Tokuji huko?"

Ilihitajika ndiyo moja tu. Au hata kuinamisha kichwa. Seikichi alimtazama Tokuji.

"Ni mimi," alisema.

Watu walicheka. Naam, walicheka! "Kibiriti, acha bwana," mmoja alisema. "Tunajua ni rafiki yako, lakini usimbebee dhambi zake."

Kicheko hicho kilimuuma kuliko tusi. Alinyanyuka, akaenda mlangoni, akaitoa kofia msumarini, akaja kuiweka kando ya ile ndoana. Uzi kwa uzi, fundo kwa fundo.

"Ilikuwa mara moja," Seikichi aliharakisha kusema. "Yone alikuwa mgonjwa. Samaki mmoja tu."

Nyuso zilianza kulegea. Nani angemhukumu mtu kwa supu ya mgonjwa? Mzee Kanbei mwenyewe alishusha pumzi. Ndipo Yone, aliyekuwa akimimina chai, akaweka birika chini.

"Mume wangu, usinifanye ngao," alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Mimi nilimla wa kwanza, na ninakushukuru. Lakini wageni wa Bi Hatsue hawakuwa na homa."

Seikichi alifunika uso kwa mikono. Hata pale, mbele ya watu, wakati wa kuungama, mkono wake ulikuwa umeingia tena kwenye chungu cha asali. Alilia kwa sauti kama mtoto, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.

"Hukumu tuliyotaka kumpa Tokuji," Mzee Kanbei alisema mwishowe, "haiwezi kuwa nyepesi kwa sababu tunakupenda wewe." Fimbo ya Seikichi ilivunjwa, akakatazwa kuvua maisha yake yote. Hakubisha. Aliomba kitu kimoja tu, ile ndoo ya mbao iliyotundikwa ukutani.

Walipotoka nje, alimfuata Tokuji. "Uliijua ndoana tangu ulipoishika. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, wangemwamini nani? Mimi mlevi, au wewe Kibiriti?" Tokuji aliivaa kofia yake. "Tena nilitaka kuona kama yule wa njiti za kibiriti bado yumo humo ndani."

"Na kama nisingesema?"

"Ningeondoka kijijini," alijibu Tokuji. "Ungebaki na mto wako."

Tangu siku hiyo, kila kiangazi, Tokuji alivua iwana wachache kwa ndoana isiyo na mwiba ili wasiumie, na Seikichi aliwabeba mgongoni ndani ya ndoo, akibadilisha maji kila penye chemchemi. Mgongo ulipinda. Magoti yalikwisha. Miaka ilipita mingi kabla wachanga hawajaonekana tena katika mto wa chini, na siku walipoonekana watu walikoka moto darajani wakaimba.

Kijiji kilikutana, na mkuu mpya, mwanawe Kanbei, akasimama. "Mzee Seikichi, umelipa na kupita kiasi. Tumekubaliana sote. Rudi kwenye kazi yako, uwe mlinzi."

Wengi walipiga makofi. Seikichi alitikisa kichwa.

"Ndoo nitaibeba mpaka nianguke nayo, wanangu," alisema. "Lakini msinipandishe tena peke yangu. Jana Tokuji alibaki nyuma kidogo, akifunga kiatu. Nikasimama ukingoni, na iwana mmoja akaja kwenye kivuli changu. Mikono yangu ilikuwa majini kabla sijaiambia kitu. Kama Tokuji asingekohoa, sijui."

Hakuna aliyecheka safari hii. Wakakubaliana kwamba tangu siku hiyo mlinzi wa Mto wa Mbegu asiwe mmoja, hata awe mwema namna gani, bali wapande wawili daima. Watu wa Tochikubo wana maneno yao ya kulisema jambo hilo, nasi tuna yetu tuliyoachiwa na wahenga: mchovya asali hachovyi mara moja.