Mitungi Mitatu na Jina Moja

Sogeeni karibu, mwenye usingizi auweke kando kidogo. Habari yote nitaitoa mimi. Hukumu mtaitoa ninyi, kwa sababu waliokuwepo wameshindwa kuitoa.

Pembezoni mwa mji wa Tabora palikuwa na wanawake watatu waliofanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mishumaa ya nta ya nyuki. Kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Kalunde, binti mdogo aliyesomea umeme chuo cha ufundi, alikuwa na masikio. Alisimama chini ya waya, akafumba macho, akausikiliza umeme unavyopita, kama wewe unavyosikiliza maji kwenye bomba. Ukivuma sawasawa alitabasamu. Ukikwaruza alikunja uso, akatafuta bisibisi.

Nyasolo, mama wa makamo, alikuwa na macho. Alikuwa amekaanga samaki na maandazi sokoni kwa nusu ya maisha yake. Akiangalia mafuta kwenye karai alijua kama yametulia au yamekasirika, kabla hayajatoa hata povu moja.

Bi Mwashi, mzee kuliko wote, alikuwa na viganja. Alikulia mashambani, ambako kila kiangazi moto wa nyika ulipita nyuma ya nyumba. Alinyoosha mkono juu ya majivu yaliyopoa, yasiyo na moshi wala cheche, akasema, "Huu haujafa. Umelala." Na kweli, ukichokoa chini, jicho jekundu linakutazama.

Kiwanda kilikuwa cha Bi Mgole. Kilikuwa na vyumba vitatu vilivyofuatana kama shanga kwenye uzi. Cha kwanza kilikuwa na ubao wa umeme na mashine ya kuchujia. Cha kati kilikuwa na sufuria kubwa ya kuyeyushia nta juu ya jiko la gesi. Cha ndani kabisa kilikuwa ghala, lenye marobota ya pamba ya kusokotea tambi za mishumaa, maboksi, na majani makavu ya kufungia mishumaa isivunjike safarini. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja tu, ule wa mbele. Dirisha la ghalani lilikuwa na nondo.

Ungeingia humo mchana, ungefikiri umeingia ndani ya asali. Harufu ilikuwa tamu na nzito. Mwanga ulipita kwenye mishumaa iliyoning'inia ikauke, ukawa wa njano, ukatambaa sakafuni taratibu. Watu waliongea kwa sauti ya chini bila kuambiwa na mtu. Wateja waliofuata mishumaa walikaa kwenye benchi kusubiri, wakajikuta wamesinzia.

Siku moja alikuja askari wa zimamoto kukagua. Alizunguka, akanusa, akatikisa kichwa.

"Mama, hapa huna hata mtungi mmoja wa kuzimia moto."

"Nitanunua," alisema Bi Mgole. "Ninunue upi?"

"Swali zuri. Waulize wanaoshinda kwenye vyumba hivi. Kila chumba kina moto wake. Na ukishaupata, mtungi usiutundike ndani ya chumba chenye hatari. Utundike mlangoni, kabla hujaingia. Hakuna anayepita kwenye moto kwenda kuchukua cha kuuzimia."

Dukani muuzaji alimwambia achukue ya poda yote mitatu, yaishe. Bi Mgole akasita. Akarudi kiwandani, akawaita wale wanawake, wakakaa kwenye benchi la wateja.

"Mimi nataka wa gesi ya kaboni," alisema Kalunde. "Maji kwenye umeme yataniua mimi kabla ya moto. Poda itazima, lakini itaingia kwenye mashine na hatutachuja tena. Gesi inazima, inaondoka, haiachi kitu."

"Kwangu weka wa poda," alisema Nyasolo. "Nta ikishika moto ni mafuta yale yale. Ukiimwagia maji inaruka mpaka darini, na wewe umo humo. Poda, halafu mfuniko juu yake. Basi."

Wakamgeukia Bi Mwashi. Alikuwa anakunja tambi, hakuinua kichwa.

"Kwangu maji."

"Maji tu, Bi Mwashi?" aliuliza Kalunde.

"Maji tu. Poda italala juu ya pamba kama unga. Gesi itapuliza majani iende zake. Moto utakuwa chini, ndani ya robota, unawasikiliza. Mkitoka, unaamka. Pamba lazima ilowe mpaka moyoni."

Kwa hiyo Bi Mgole akarudi na mitungi mitatu isiyofanana. Majirani walimcheka. Moto ni moto, walisema, mama huyu anapenda makuu. Mtungi wa gesi ya kaboni ukatundikwa kwenye mlango wa mbele. Wa poda ukatundikwa kwenye mlango wa kuingilia chumba cha kati. Wa maji ukatundikwa kwenye mlango wa ghala. Askari alikuja kuwaonyesha jinsi ya kung'oa pini, kuelekeza chini kwenye kiini cha moto, na kubana mkono.

Bi Mgole alikuwa na binti, Wande, mwenye mimba kubwa ya kwanza. Joto la mwezi ule kabla ya mvua lilimchosha sana. Kila baada ya chakula cha mchana alikwenda ghalani, akajilaza juu ya marobota ya pamba, kwa sababu ndipo palipokuwa na ubaridi na ulaini. Hata siku ile alikwenda hapo.

Wengine walikuwa uani, chini ya banda la bati, wakiosha vyombo. Nta ilikuwa imeyeyuka, jiko limepunguzwa, sufuria imefunikwa nusu. Wingu zito lilikuwa limesimama upande wa magharibi. Hakuna jani lililotikisika. Mji wote ulikuwa kama umeshikilia pumzi.

Ghalani, Wande aliota. Aliona msitu wa miombo, na mizinga mingi juu ya miti, na mtu aliyefunika uso akipuliza moshi kidogo kidogo ili nyuki watulie. Moshi ulikuwa mwepesi na wa buluu. Ukamzunguka miguuni, ukapanda tumboni, na mtoto aliyekuwa tumboni akatulia kama nyuki. Wande akafurahi. Akataka kumuuliza yule mtu kama asali imekomaa. Akafungua mdomo, akakohoa. Kikohozi kilikuwa cha kweli. Akafumbua macho na moshi ukawa bado upo.

Uani, Kalunde aliweka sahani chini.

"Mnasikia?"

"Tusikie nini?" alisema Nyasolo.

"Umeme unakwaruza."

Hawakusikia chochote. Kalunde alikuwa ameshaondoka mbio. Alipofika mlango wa mbele, ubao wa umeme ulikuwa unatema cheche, na ndimi za kijani zimepanda ukutani. Waya uliopita darini ulikuwa umeungua ukaning'inia mpaka chumba cha kati, ukidondosha matone ya plastiki yanayowaka. Tone moja liliangukia nta. Chumba cha kati kikawaka mwanga mkubwa, laini, wa dhahabu, kama jua linalochomoza ndani ya nyumba. Na kutoka humo vipande vya moto vilielea polepole kama vipepeo, vikaingia ghalani, vikatua juu ya pamba.

Sauti ya Wande ilitokea ndani kabisa.

"Nipo huku! Jamani, nipo huku! Atakayenizimia moto huu, mwanangu ataitwa kwa jina lake!"

Wote walisikia. Bi Mgole alipiga ukelele, akataka kujitupa ndani, jirani akamshika kiuno.

Kalunde alinyakua mtungi wa gesi ya kaboni. Aliushusha ukutani, akang'oa pini, akasimama mbele ya ubao uliokuwa ukinguruma. Wingu jeupe la baridi lilitoka, likameza cheche, likameza ndimi za kijani. Moto ulipolegea alipitisha mkono ndani ya ukungu ule na kuteremsha swichi kubwa. Nyumba ikanyamaza. Njia ya kwanza ikafunguka. Lakini mbele yake nta ilikuwa inawaka, na mtungi wake ulikuwa umekwisha.

Nyasolo alimpita bila neno. Alishusha mtungi wa poda kwenye mlango wa kati, akauelekeza sufuriani, akabana. Poda ilijaa chumba kizima, hata mishumaa iliyoning'inia ikapotea, na yeye mwenyewe akawa kivuli kinachotembea ndani ya maziwa. Moto ulizama. Alipapasa mpaka jikoni, akafunga gesi, akasukuma mfuniko juu ya sufuria kwa mikono miwili. Alijua nta ya moto namna ile ikipata hewa itawaka tena, kwa hiyo akabaki amelala juu ya mfuniko, viganja vinaungua, akaita, "Piteni! Nimeushika! Piteni!"

Bi Mwashi alipita. Magoti yake yalikuwa mabovu, na mtu asingedhani anaweza kubeba mtungi uliojaa maji. Aliubeba. Alipousukuma mlango wa ghala uliokuwa wazi nusu, majani yalikuwa yanawaka kwa urefu wa mtoto, na Wande amejibana dirishani, uso kwenye nondo. Bi Mwashi alimwaga maji chini, kushoto na kulia, akitengeneza kinjia cheusi kinachofuka. "Njoo mwanangu, kanyaga hapa. Usikimbie, kanyaga hapa." Wande alikanyaga, akapita, akatoka. Mzee hakumfuata. Robota alilokuwa amelalia Wande lilionekana zima, jeupe kabisa. Bi Mwashi alinyoosha kiganja juu yake, akalichana kwa vidole, na ndani kulikuwa na jicho jekundu. Alilimwagia yote yaliyobaki mpaka likanyamaza.

Zimamoto walifika wakakuta wanawake watano wameketi uani, mmoja mweupe kama unga, mmoja amemkumbatia binti yake, mmoja bado ameshika mtungi mtupu, na mzee anaomba maji ya kunywa. Kisha mvua ikaanza. Usiku ule ule Wande alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye nywele nyingi.

Sasa kitovu kimedondoka, na leo ni siku ya kumtoa mtoto nje na kumtaja. Watu wamejaa. Wande ameketi mkekani, mtoto mapajani, na bado hajui aseme nini, kwa hiyo amewauliza wale watatu wenyewe.

"Mwenzangu, sikuja kudai," alisema Kalunde. "Lakini umeuliza, nami nasema. Mimi ndiye niliyesikia. Bila mimi tungekuwa bado tunaosha sahani. Na umeme ule ungewaua wote wawili walionifuata."

Nyasolo alikuwa amefungwa bendeji mikono yote. "Kalunde alizima moto mdogo, na mkubwa ukawa umeshazaliwa," alisema. "Niliuzima mkubwa, halafu nikaulalia ili mwenzangu apite na Wande atoke. Ningeachia, wote wangebaki humo."

"Na wewe, Bi Mwashi?" aliuliza Wande.

"Mimi ni mzee, jina langu limeshazoea kukaa peke yake." Akamtazama mtoto, na sauti ikabadilika. "Ila kweli ni kweli. Wenzangu walifungua njia, wala siwanyimi. Moto uliokugusa wewe, Wande, niliuzima mimi. Na ule wa ndani ya robota hakuna mwingine aliyeujua. Ungeamka tukiwa tunakumbatiana."

Jirani mmoja alisema mtoto apewe majina yote matatu, watu wakapiga makofi. Wande alikataa.

"Sikuahidi kundi. Niliahidi mtu. Na nikimwamsha usingizini, nimwite mara tatu?"

Mwingine alisema apewe jina la Bi Mgole, aliyeinunua mitungi. Bi Mgole akainuka.

"Mimi nilibeba tu. Ningeachiwa peke yangu ningeleta ya poda mitatu, na mwanangu asingekuwepo hapa. Ahadi ni yake, aitimize."

Harufu ya nta mpya ilitoka kiwandani, tamu, ikapita juu ya vichwa vyao. Mtoto akapiga miayo. Wande akamwinua, akamtazama Kalunde, akamtazama Nyasolo, akamtazama Bi Mwashi. Akavuta pumzi ya kutaja jina.

Nami nanyamaza hapo. Nyumba ingeungua asingekuwepo wa kwanza, na Wande angekufa asingekuwepo wa pili, na moto ungerudi asingekuwepo wa tatu. Mtoto ni mmoja, na jina la kumwita ni moja.

Haya, wewe uliyeketi hapo unanitazama: ungemwita nani?