Zimwi Mlangoni kwa Mize

Hadithi hii aliisimulia kwanza nyanya yetu Zuhura binti Faki, mwaka wa nzige. Tegeni masikio.

Mize, msuka mikeka, alipopofuka, wenzake walimwonea huruma, wakaacha kumpelekea ukindu. Basi zimwi likaja mlangoni: "Huoni, hufai. Fungua nikumeze." Siku ya kwanza Mize alilifukuza. Ya pili alilisikiliza. Ya tatu akashika komeo ili afungue.

Mara wifi yake Riziki akaingia kwa mlango wa uani na mzigo wa ukindu. "Wifi, mikeka ya harusi inatakiwa Ijumaa, na mimi nasuka kama kuku anayeparua."

"Sioni, Riziki."

"Tangu lini ulitazama? Ulikuwa ukisuka huku unanisengenya."

Mize akacheka, akaachia komeo, akaanza kusuka. Kila aliposuka shubiri moja, zimwi lilipungua, hata likawa kama sisimizi, likaenda zake.

Nyanya na Mize wamefariki. Riziki yu hai. Zimwi nalo li hai.