Mashine Inayozima Ukiinuka

Ndugu zangu, kulikuwa na mkata nyasi mmoja. Aliishi katika mji ulio chini ya mlima, kwenye mitaa ile ya zamani yenye nyumba za bati jekundu na viwanja vipana vya ukoka. Kwa miaka ishirini na miwili aliukata ukoka ule kwa mashine ya kusukuma, yeye na mke wake.

Walifanya kazi hivi. Mume alishika mashine nyuma. Mke alitangulia hatua kama kumi, ameinama, ndoo mkononi, akiokota kila kitu ambacho kisu hakitakiwi kukutana nacho: mawe, vipande vya waya, mifupa iliyofukiwa na mbwa, vizibo vya soda. Njia ikiwa safi humpungia mume mkono bila kugeuka, maana yake njoo. Akiona kitu huinua kiganja, maana yake ngoja. Asubuhi nzima mazungumzo yao yalikuwa hayo tu, njoo na ngoja. Mke alikuwa akiimba nyimbo za kanisani huku ameinama, lakini mume hakumsikia kwa sababu ya ngurumo. Alimsikia pale tu petroli ilipokwisha. Mashine ikinyamaza ghafla, basi sauti ya yule mama inabaki peke yake uwanjani, katikati ya ubeti.

Ukimwuliza yule mzee leo, atakwambia alivijua visigino vya mke wake kuliko alivyoujua uso wake. Na akipita mahali palipokatwa majani mabichi, ile harufu ikampata, husimama kidogo.

Mke akaugua, akafariki. Siku ya mazishi kila aliyeshika kipaza sauti alisema, "Mama yetu ametangulia." Mkata nyasi alikaa kwenye kiti cha plastiki, akawaza moyoni: hawa wanalisema neno hili tu. Mimi ndiye niliyemwona akitangulia.

Matanga yakaisha, akarudi kazini peke yake. Akawa anasukuma hatua kumi, anazima, anakwenda mbele kuinama, anarudi. Magoti yakakataa. Wateja mmoja mmoja wakachoka kumngoja. Likabaki tumaini moja, chuo cha wauguzi kilicho kando ya barabara kuu, chenye uwanja mkubwa kuliko vyote alivyowahi kuvikata. Mkuu wa chuo akamwambia, "Nitakujaribu Alhamisi ya wiki ijayo. Ukiweza, kazi ni yako. Ukishindwa, nawapa kampuni." Alijua wazi kwamba akiikosa kazi ile, kilichobaki ni kufunga virago kwenda kukaa kwa binti yake katika mji wa mbali, mzee wa kupewa chai na kuangalia ukuta.

Basi akatoa akiba yake, akaenda kwenye yadi ya mashine za mitumba kutafuta ile ya kukalia. Uwezo wake ulikuwa wa kununua mara moja tu.

"Karibu, mzee!" muuzaji akamwita tangu getini. "Umechoka kusukuma, eti?"

"Mikono bado, mwanangu. Ni magoti yaliyosusa."

"Basi njoo nikuponye."

Zilikuwapo mbili. Moja kubwa, kiti chake juu, boneti pana kama meza. Nyingine ndogo, fupi, kiti kimechanika.

"Hii kubwa, mzee, ukiikalia utasahau kama uliwahi kuzaliwa na miguu."

"Na hii ndogo?"

"Hiyo achana nayo, ina ubovu. Ukiinuka kidogo tu kwenye kiti, inazima. Ukitaka kujikuna, inazima! Watu watatu wameinunua, wote watatu wameirudisha. Unafikiri kwa nini naiuza nusu ya bei?"

"Na kubwa haizimi?"

"Ilikuwa na ugonjwa huohuo. Fundi akaunganisha nyaya chini ya kiti, imepona. Sasa hata ukishuka ukaenda kunywa chai, yenyewe inanguruma tu inakusubiri."

Mzee akaizunguka ile kubwa. Akagonga gonga bati lake. Kisha akauliza swali lililomtoa nyumbani.

"Hii inahitaji mtu wa kutangulia?"

Muuzaji akarudi nyuma hatua moja. "Mzee wangu! Mashine hii haijaua mtu!"

"Sisemi kufa, mwanangu. Nasema mtu wa kwenda mbele kuokota mawe."

"Aaa! Umenishtua. Hapana, hii haihitaji mtu. Inameza kila kitu."

Hapo moyo wa mkata nyasi ukalegea. Mnaelewa kwa nini? Hakuwa akiwaza magoti tena. Alichotaka ni mashine ambayo haitamwonyesha kila siku mahali patupu mbele yake. Ni nani kati yetu aliyefiwa ambaye hajawahi kutafuta kitu cha namna hiyo?

Nyuma ya yadi, karibu na nyumba ya muuzaji, palikuwa na kipande cha majani marefu. Mzee akapanda, akaiwasha, akakata. Ikawa tamu kweli. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Katika mstari wa nne alisikia tak, mlio mdogo, wala mashine haikutikisika. Akaendelea mpaka mwisho. Akashuka, mashine ikabaki inanguruma, akarudi kwa miguu akitabasamu kama bwana harusi.

"Umeona?" muuzaji akapiga makofi. "Nilikwambia inameza!"

Mzee akainama kutazama kilichomezwa. Akainuka na nusu ya kandambili mkononi. Ndogo, ya rangi ya waridi, ya mtoto ambaye ameanza kutembea juzi.

Makofi yakakatika.

"Ndeshi," muuzaji akasema. Kisha akapaza sauti. "Ndeshi! We Ndeshi!"

Akakimbilia kwenye majani, akakimbilia nyumbani, akarudi kwenye majani. Na muda wote huo, ndugu zangu, ile mashine ilikuwa inanguruma, kiti kitupu, hata kama mtoto angeitika nani angemsikia? Ilipita dakika nzima kabla mzee hajakumbuka kwenda kuzungusha ufunguo. Ukimya ulipoanguka, wakasikia mtu anatafuna. Mtoto alikuwa nyuma ya tangi la maji, mguu mmoja peku, anakula pera. Akamshangaa baba yake aliyemnyanyua na kulia mbele za watu.

Baadaye muuzaji alirudi na mtoto begani.

"Mwanangu," mzee akasema, "nipe ile yenye ubovu."

Alhamisi ikafika. Yule mzee akakata uwanja wa chuo kwa mashine ndogo. Akiona kitu mbele, anainuka, inazima, anashuka, anaokota, anapanda. Akakata, akashuka. Akakata, akashuka. Mara ya kumi hivi, mashine iliponyamaza, akajikuta anaimba wimbo wa mke wake. Akagundua anaijua katikati ya ubeti tu. Mwanzo wake hakuwahi kuusikia, maana wakati ule mashine huwa bado inanguruma. Alilia kidogo pale, akapangusa uso kwa mkono wa shati, akapanda.

Mkuu wa chuo alikuwa amesimama barazani, anatazama saa. "Baba, mbona unashuka shuka kama mtu aliyedondosha ufunguo? Wenzako wangekuwa wamemaliza zamani!"

"Ni kweli nimechelewa, mama."

Akamwekea barazani alivyookota: chupa za dawa zilizovunjika, jiwe kubwa kama ngumi, sindano mbili hazina hata kifuniko. Yule mama akazitazama zile sindano. Akawatazama wanafunzi wake, ambao walikuwa wamekwisha kuvua viatu na kukaa kwenye ukoka uliokatwa.

"Alhamisi ijayo," akasema, "anza saa moja mapema. Uwe na muda wa kushuka."

Sasa tuseme na sisi.

Sisi tuliofiwa tunaogopa kunyamaza. Tunatafuta maisha yenye kiti cha juu, yasiyozima, yasiyohitaji mtu mbele. Tunajaza siku kwa kazi na kelele, na tukipata kitu kinachotusimamisha, ugonjwa, kumbukumbu, mtoto anayeuliza swali, tunakiita ubovu, tunaita fundi aunganishe nyaya. Lakini hebu niwaulize: tunapita juu ya nini, na wala hatutikisiki?

Na neno lile tunalolisema makaburini, tulisemeni polepole. Ametangulia. Mama yako hakuwa anatangulia siku aliyokufa. Alikuwa anatangulia miaka yote ile, mgongo umeinama, anakuondolea vitu ambavyo hutavijua mpaka unaingia kaburini. Ulidhani njia ilikuwa safi yenyewe? Sikusemi wewe tu. Nami nilidhani hivyo.

Machozi yetu Mungu anayaona, wala hatukatazi kulia. Ila baada ya machozi kuna kazi, na mahali pale mbele hapakuachwa patupu ili tupatazame. Pameachwa ili mmoja wetu aende akainame pale.

Kabla hatujasimama kuomba, nawasihi jambo moja. Geukeni. Kila mtu amtazame aliyeketi nyuma yake. Mtazame vizuri, usione haya. Huyo anakuja katika njia unayopita wewe leo. Umemwondolea nini?

Nanyi wa benchi la mwisho, msicheke mkidhani mmesalimika. Nyuma yenu kuna mlango, na mlango uko wazi, na watoto wanacheza nje.