Sahani Hairudi Tupu

Paukwa!

Pakawa!

Jungu liko mekoni!

Lifunue tuone!

Ukoko wa nani?

Wetu!

Haya, sogeeni. Na wewe Mwanahija uliyejificha nyuma ya wenzako, sogea. Hadithi hii ina wifi ndani yake, najua kwa nini unajificha.

Hapo zamani za kale, ndege walipokuwa wakioana bila kuulizana manyoya, Kuku aliolewa kwa akina Bata. Ndiyo, Kuku. Msicheke, mapenzi hayatazami miguu.

Nyumba yao ilikuwa kando ya bwawa. Mwenye nyumba alikuwa Mama Mkwe, bata mzee, mnene, mwenye kupenda wageni kuliko usingizi. Mume wa Kuku alikuwa bata dume, mpole sana. Mdomo anao mpana, maneno hana. Na alikuwepo wifi, dada wa mume, binti wa nyumba. Huyo tutamwita Bata, na huyo ndiye aliyenileta hapa leo.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huyu wetu, kamba yake ilikuwa wifi yake.

Kuku alikuja kwa mumewe na kitu kimoja tu kutoka kwa mama yake. Kibuyu cha chachu. Kila akipika vitumbua, anabakiza chachu kidogo kibuyuni, anaitilia uji wa mchele, na kesho yake imejaa tena, inatoa mapovu. Mama yake naye aliipata kwa mama yake. Ukiimaliza yote, basi, umeiua.

Na vitumbua vyenyewe! Pembeni vimekauka, katikati laini, iliki unainusa ukiwa bado njiani. Mama Mkwe alikula huku amefumba macho.

"Mkwe wangu," akasema, "mikono hii ulipewa na nani?"

Bata akisikia hivyo, anaacha kula. Anaondoka jamvini, anakwenda bwawani, anajitazama majini, anaimba:

*Kwani yeye nani? Kwani yeye nani?*
*Hata kuogelea hajui,*
*kwani yeye nani?*

Ushikeni wimbo huo, tutauhitaji.

Msidhani Bata hakuwa na ndoto. Naye alisema atauza chakula. Alisema mwaka juzi, akasema tena mwaka jana. Kusema alisema. Lakini mchele hauloweki kwa maneno, na kila asubuhi Bata alilala mpaka jua likampiga mgongoni. Akiamka, anamkuta wifi yake keshauza karai zima pale kisimani, anarudi anapiga miluzi. Miluzi ile ilimchoma Bata kuliko moto.

Sasa sikilizeni desturi ya mji ule. Jirani akikuletea sahani ya chakula, sahani hairudi tupu. Kama huna pilau utaweka ndizi. Kama huna ndizi utaweka hata chumvi. Kurudisha sahani tupu ni kumwambia mwenzako tusijuane tena.

Kuku alikuwa na kazi nyingi, hakuwa na nafasi ya kupikia kila sahani. Basi kila akiletewa kitu, anachota chachu kidogo, anaiweka kwenye jani, anairudisha sahani.

Bata alicheka mpaka akakaa chini. "Jamani njooni mwone! Mtu kaletewa mchuzi wa samaki, yeye karudisha povu! Wifi yangu huyo!"

Majirani hawakucheka. Mbuzi alichukua chachu yake akaiweka chunguni. Kanga akaiweka yake. Nungunungu naye akaiweka yake, mbali na miiba. Wakaitunza, wakawa nao wanapika vitumbua vyao nyumbani, siku za furaha.

Ikakaribia Sikukuu. Punda, msimamizi wa gulio, akapita mitaani na sauti yake mnayoijua.

"Kibanda cha njia panda kiko wazi! Anayekitaka awalishe wapita njia asubuhi ya Sikukuu! Wakishiba, kibanda chake!"

Kuku alisimama na karai lake kichwani. Kibanda! Chenye paa na mafiga yake, asinyeshewe tena kisimani! Halafu akakumbuka. Asubuhi ya Sikukuu mke wa mwana yuko jikoni kwa mkwe wake. Wageni wanakuja kutoka ng'ambo zote za bwawa. Jungu la pilau ni lake.

Akaenda akapiga magoti. "Mama, shikamoo."

"Marahaba, mkwe wangu."

"Mama, nina ombi. Nataka kile kibanda. Nitaamka alfajiri, nipike pilau yako kwanza, nigawe na sahani za majirani. Kisha niende njia panda."

Mama Mkwe akamwinua. Alimpenda mkwe wake, lakini aliipenda na heshima yake.

"Nenda, mwanangu. Ila nisikilize. Wageni wangu wakikaa jamvini na jungu halijaiva, kibanda usahau. Siwezi kuambiwa mke wa mwanangu analisha njia, nyumba ina njaa."

"Nimekubali, mama."

Bata alikuwa nyuma ya mlango. Alisikia kila neno. Akaenda bwawani. Haya, imbeni:

*Kwani yeye nani? Kwani yeye nani?*
*Hata kuogelea hajui,*
*kwani yeye nani?*

Akasema moyoni, "Leo wanamsifu kwa vitumbua. Akipata kibanda, mji mzima utamsifu. Na mimi nitakuwa nani? Wifi wa mwenye kibanda! Hapana. Labda mimi si binti wa nyumba hii."

Siku ya kuamkia Sikukuu, Kuku alipeta mchele wa pilau, akauacha kwenye ungo, akaenda kukuna nazi. Bata akachota mchanga wa bwawani, akaumimina kwenye mchele, akachanganya vizuri.

Kuku akarudi, akauona. Akainamisha kichwa, akaanza: do, do, do, do. Mchele huku, mchanga kule. Wanangu, kumtegea kuku kwa punje ni kumtegea samaki kwa maji! Kabla magharibi haijaingia, mchele ulikuwa safi kuliko mwanzo.

Bata akaona, nyongo ikampanda.

Alfajiri ikaingia. Kuku akaenda kuchukua kuni, akazikuta zimeloa chapachapa. Bata alizitosa bwawani zote, akazirudisha pale pale zilipokuwa.

"Maskini wifi," Bata akasema akiwa mlangoni, anajinyoosha. "Umande wa mwaka huu mzito, eti?"

Kuku akamtazama. Akatoka nje, akaparua nyuma ya jiko: paru, paru, paru. Chini ya takataka za juu kulikuwa na makumbi ya nazi ya zamani, makavu kama unga. Kumtegea kuku kwa kuparua! Moto ukawaka, jungu likapanda mafiga, pilau ikaanza kunukia mpaka mume akaamka akasema neno. Alisema, "Mmh."

Bata akaona moto unawaka. Akafikiri sana. Mara ya kwanza nimemtegea kwa mchele, akashinda. Mara ya pili nimemtegea kwa kuni, akashinda. Basi nitampeleka asikokwenda kuku.

Unga wa vitumbua ulikuwa chunguni, umeumuka tangu jana, umejaa hadi ukingoni. Kibuyu cha chachu kilikuwa kando yake. Kuku alipogeuka kukoroga jungu, Bata akabeba vyote viwili. Akaogelea mpaka katikati ya bwawa. Unga akaumwaga. Kibuyu akakifungua, akakipindua, akakikung'uta, akakitupa. Chungu kitupu akakirudisha jikoni, nacho akakiweka pale pale.

Mnaona? Hasidi hana sababu. Kuku hakumwibia hata punje.

Pilau ilipoiva, Kuku akajifuta mikono, akageukia chungu chake. Kitupu. Akatafuta kibuyu. Hakuna. Akazunguka jiko zima, akatoka nje, akaona ukingoni mwa bwawa povu jeupe linaelea linakwisha. Akaelewa. Akaingia majini mpaka magotini, akarudi. Hawezi.

Hapo ndipo Kuku alipolia. Hakulilia kibanda. Alililia kibuyu cha mama yake.

Hilo la tatu lingetosha. Lakini wivu haujui kutosha. Bata alitaka kumwona wifi yake anahangaika mpaka jua litoke, hata asipate nafasi ya kuazima unga popote. Akamwendea mama yake.

"Mama, mwaka huu mimi sipeleki sahani za majirani, miguu inaniuma. Wifi apeleke zote yeye, peke yake."

Mama Mkwe akamwita Kuku. "Mwanangu, peleka sahani."

Kuku angeweza kukataa. Angeweza kusema nimeharibiwa, niacheni. Lakini alikuwa ametoa ahadi. Akafuta machozi, akapakua pilau, akafunika kawa, akabeba.

"Hodi kwa Mbuzi."

"Karibu! Sikukuu njema, shoga. Mbona macho mekundu? Na mbona hauko njia panda? Punda kashaanza kuita."

"Siendi tena. Chachu yangu imekufa, na unga umemwagika."

Mbuzi akapokea sahani, akaitazama. "Imekufaje, na mimi ninayo? Wewe ndiye uliyeniletea. Leo nimeumua unga wa watoto wangu. Sahani hairudi tupu, shoga. Lete na chungu chako!"

Kuku akakimbilia chungu chake jikoni, Mbuzi akamimina unga wake wote. Watoto wa Mbuzi wakalia kidogo, wakapewa pilau, wakanyamaza.

Kuku akaenda kwa Kanga. Kanga naye alikuwa na unga umeumuka. Sahani hairudi tupu. Akamimina.

Kuku akaenda kwa Nungunungu. Nungunungu akamimina unga, akaongeza na kijibuyu kidogo. "Hii ndiyo chachu yenyewe. Ni ya mama yako. Mimi niliitunza tu."

Kuku alikimbia njia panda na chungu kichwani, mabawa yamefunguka, kama anaruka! Akabandika kikaango, akamimina upawa kwa upawa. Wapita njia wakala, Punda akala, akarudia, akasahau kuwa yuko kazini. Jua lilipopanda, Punda akapaza sauti, "Kibanda ni cha Kuku!"

Na nyumbani wageni walikaa jamvini, pilau ikafunguliwa inatoka moshi. Hakuna aliyengoja.

Bata akasikia sauti ya Punda. Hakula pilau. Akaenda bwawani ajitazame, aimbe wimbo wake. Akamkuta Mama Mkwe amesimama ukingoni, anatazama kibuyu kinachoelea katikati.

Maana alisahau, mjanja wetu. Chachu ilizama, kibuyu kikaelea.

Mama Mkwe akauliza polepole, "Katika nyumba yangu, nani asiyejua kuogelea?"

Bata akatazama chini. "Wifi, mama."

"Basi kibuyu chake kimefikaje katikati ya maji?"

Bata akarudi nyuma, akaingia majini. Mama Mkwe hakumpiga, hakumfukuza. Aligeuka akaenda kwa wageni wake, akasema mbele yao wote, "Sikukuu ijayo nitawapeleka kibandani kwa mkwe wangu. Jungu ni jungu popote lilipo, na mikono ni ile ile." Bata aliyasikia yote akiwa pale majini.

Jioni Kuku akarudi. Aliambiwa kila kitu. Akachukua sahani, akaweka vitumbua vya mwisho, akafunika kawa, akaipeleka ukingoni mwa bwawa.

"Sikukuu njema, wifi."

Akaiacha, akaenda zake.

Bata akala. Alitaka asile, lakini akala. Vilikuwa vitamu. Na hapo ndipo machozi yalipomtoka, kwa sababu alimaliza, akabaki na sahani mkononi.

Sahani hairudi tupu. Atarudisha nini? Hajaloweka mchele, hajapika, hajapanda hata mboga. Alichokuwa nacho cha wifi yake ni kimoja tu, na alikimwaga mwenyewe. Basi akatia mdomo kwenye tope, akaanza kuitafuta ile chachu.

Ndiyo maana mpaka leo ukimwona bata, kichwa chini, mkia juu, anachakura tope. Akiona mapovu anadhani ni yenyewe. Kumbe ni pumzi yake. Na ile sahani bado anayo.

Basi wanangu, wivu hauli cha mwenzio tu. Unakula na kile ambacho ungepika wewe. Kuku alishika jungu la mkwe na kikaango chake, kwa sababu jungu ndilo lililompeleka kwenye kikaango. Bata alishika cha wifi yake tu, na leo hana chake. Umesikia, Mwanahija? Kesho nenda kamsalimie wifi yako.

Na mimi sahani yangu ndiyo hiyo, nimeileta imejaa. Mkiiona tamu, kuleni. Mkiiona chungu, nirudishieni.

Lakini isirudi tupu.